Waya Ndani ya Ubongo: Historia ya Kutibu Tiki Kali

  

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Nitakusimulia historia ya ugonjwa mmoja unaomletea mtoto aibu na mzazi lawama, pamoja na matibabu ambayo ukiyasikia kwa mara ya kwanza utadhani ni mambo ya sinema: madaktari wanatia waya ndani ya ubongo wa mtu, kisha wanauwasha kwa betri. Matibabu hayo yapo kweli. Yanajulikana vipi kuwa yanasaidia, na ni nani aliyekubali kujaribiwa ili tujue? Hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Pengine umemwona mtoto katika ploti yenu, hapo Mukuru, Viwandani au Makongeni, anayekonyeza macho bila kukoma, au anayerusha shingo upande, au anayetoa sauti kooni kama anayetaka kukohoa. Ukimwambia aache, anaacha kidogo, kisha yanarudi kwa nguvu zaidi. Mwalimu anasema ni utundu. Jirani anasema ni pepo. Mama mkwe anasema katika ukoo wao jambo hilo halijawahi kuonekana. Madaktari wanaita mishtuko hiyo tiki (usichanganye na ile alama ambayo mwalimu anatia kwenye daftari). Mtoto akiwa na tiki za viungo na pia za sauti, na zikadumu zaidi ya mwaka mmoja, ugonjwa unaitwa Tourette. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 7, huwa mbaya zaidi miaka 10 hadi 12, na kwa watoto wengi hupungua sana wanapomaliza ujana. Watu husikia kwamba wagonjwa wa Tourette hutukana ovyo. Wapo, lakini ni wachache. Wengi hawatukani mtu.

Jina hilo linatoka kwa daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 aliandika habari za wagonjwa 9. Miaka 60 kabla yake, mwaka 1825, daktari mwingine wa Ufaransa, Jean Itard, alikuwa ameeleza habari za mwanamke wa ukoo wa kifahari aliyeshtuka viungo na kutamka maneno ya aibu mbele ya wageni. Kwa hiyo si ugonjwa wa maskini, wala si wa mtaa wa mabanda. Uliingia hata katika nyumba za matajiri wa Paris.

Baada ya hapo mambo yalienda kombo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba tiki zinatokana na nafsi iliyovurugika, na mara nyingi kidole kilielekezwa kwa malezi. Mama alimkaripia mno mtoto, au alimdekeza mno. Unaona, mama, lawama unazozisikia leo bombani ukichota maji ziliwahi kutoka katika vinywa vya madaktari wakubwa. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1961, daktari mmoja Mfaransa aliporipoti kwamba dawa iitwayo haloperidol ilimtuliza mgonjwa wake. Mwaka 1968 Arthur Shapiro na mkewe Elaine, huko Marekani, waliandika kwamba kama dawa inatuliza tiki, basi kuna kitu katika ubongo, na mzazi hana kosa. Haloperidol bado inatumika, hata hapa kwetu, ingawa inaweza kumletea mtoto usingizi mwingi, ugumu wa shingo na kutokwa na mate, na kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza na dawa nyingine. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Usichukue ya mgonjwa mwingine, wala usiinunue kwa kusikia tu.

Wako lakini wagonjwa ambao hakuna dawa iliyowasaidia. Kuna watu wazima wanaorusha shingo kwa nguvu mpaka wanaumiza uti wa mgongo, na wanaojipiga usoni mpaka kuhatarisha macho. Hao ndio waliofanya madaktari wafikirie kisu.

Kabla hujasema kupasua kichwa ni mambo ya Wazungu, nikukumbushe Kisii. Miongoni mwa Abagusii kulikuwa na mafundi walioitwa ababari, waliopasua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu, kidogo kidogo, bila kuujeruhi ubongo ulio chini yake. Hawakuwa wakifukuza pepo. Wengi wa wagonjwa wao walikuwa watu waliopigwa rungu au kuanguka, kisha wakabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliwachunguza na kuandika juu yao, na madaktari wengine walishangaa kuona jinsi wagonjwa wengi walivyopona vidonda. Sikuelezi haya ili umtafute fundi wa namna hiyo leo. Nataka tu ujue kwamba wazo la kutibu kwa kufungua kichwa lilikuwa na wenyewe hapa nchini kabla ya hospitali nyingi kujengwa. Jambo moja tu walilikosa ababari, na wakati ule madaktari wengi wa Ulaya pia walilikosa: njia ya kulinganisha waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ili ijulikane ni kisu kilichoponya au ni siku zilizopita.

Ukosefu huo ulileta balaa mahali pengine. Mwaka 1935 daktari Mreno, Egas Moniz, alianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili. Mwaka uliofuata Walter Freeman aliuanzisha upasuaji huo Marekani, na baadaye akaufanya kwa kupitisha chuma juu ya jicho. Mwaka 1949 Moniz akapewa tuzo ya Nobel. Maelfu ya watu walikatwa, na wengi walibaki wamepoa, hawana hamu ya jambo lolote, wengine wakawa kama watoto wadogo. Walihesabiwa kuwa wamepona kwa sababu walinyamaza. Hakuna aliyewapima kwa kuwalinganisha vizuri na wengine.

Hapa Nairobi habari hiyo ina mkia wake. Mathari unaijua, ukipanda matatu ya Thika Road unaipita. Ilianzishwa mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Katika maandishi yake ya mwaka 1951, na katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fikiria hilo, mama. Mtu aliyeishi miongoni mwetu, akiona wagonjwa waliofungiwa ndani ya ukuta, akatoa hukumu juu ya bongo za watu wote walio nje ya ukuta. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Mimi nasema tu kwamba dai kubwa juu ya ubongo, lisilopimwa kwa haki, lina madhara hata kama limeandikwa kwa lugha ya kitaalamu.

Wagonjwa wa tiki nao walipitia kisu. Mwaka 1970 madaktari wawili Wajerumani, Hassler na Dieckmann, waliripoti wagonjwa 3 ambao waliharibiwa kwa makusudi sehemu ndogo za katikati ya ubongo, mahali panapoitwa thalamasi. Tiki zilipungua. Lakini sehemu ya ubongo ikishaharibiwa hairudi. Miongoni mwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa aina hii miaka iliyofuata, wako waliobaki na udhaifu wa mkono au mguu, au ulimi mzito.

Ndipo wakaja na waya. Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble huko Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake walionyesha kwamba badala ya kuharibu sehemu hiyo ya ubongo, unaweza kuitia stima kidogo ya mapigo ya haraka, zaidi ya mapigo 100 kwa sekunde, na mtu anayetetemeka mkono akatulia. Ukizima, mtetemo unarudi. Njia hiyo ilikuja kusaidia watu wengi wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa wazee wanaotetemeka na kukakamaa. Mwaka 1999 Veerle Vandewalle, mwanamke daktari wa upasuaji, na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba wamefanya hivyo kwa mwanamume wa miaka 42 mwenye Tourette kali. Walilenga mahali palepale walipolenga Hassler na Dieckmann, na tiki zake zikapungua sana.

Nikueleze inavyofanywa. Kichwa hufungwa kwenye fremu ya chuma ili kisisogee hata kidogo. Picha za ubongo huonyesha mahali pa kulenga. Fuvu hutobolewa vitundu viwili vidogo, na kupitia hapo huingizwa waya mwembamba, upande wa kulia na wa kushoto. Nyaya hizo hushuka chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye betri iliyozikwa chini ya mfupa wa mtulinga. Baada ya wiki kadhaa daktari huirekebisha betri kutoka nje kwa kifaa maalumu, anaongeza, anapunguza, na mgonjwa anarudi tena na tena mpaka kipimo kipatikane. Betri za kawaida huisha baada ya miaka michache, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Kwa hiyo hata penye uwezo wa kufanya upasuaji huo, gharama haiishi siku ya kutoka hospitali.

Sasa tuje kwenye kupimwa. Tiki hupanda na kushuka zenyewe, kama bei ya sukuma wiki. Mtu huenda kwa daktari zikiwa mbaya kabisa. Hata asipotibiwa, mwezi ujao pengine zitapungua. Tena mtu aliyetobolewa kichwa ana matumaini makubwa, na matumaini peke yake hupunguza tiki kwa muda. Basi ukimpasua mtu, naye akasema amepata nafuu, ni nini kilichomsaidia?

Waya una faida moja ambayo kisu hakina: unazimika. Wewe unayefanya kazi kiwandani Lunga Lunga Road unalijua hili. Fundi akitaka kujua ni mashine ipi inayopiga kelele, anazima moja moja na kusikiliza. Madaktari walifanya hivyo hivyo. Wagonjwa wote wanawekewa waya, kisha kwa kura, kipindi fulani betri inawashwa na kipindi kingine inazimwa. Mgonjwa hajui ni kipindi kipi. Daktari anayehesabu tiki naye hajui. Anayejua ni mtu wa tatu, naye hasemi mpaka mwisho.

Mwaka 2007 madaktari wa Cleveland, Marekani, walifanya hivyo kwa watu wazima 5, na 3 kati yao walipata nafuu ya kuonekana. Watu watano ni wachache, lakini kila mmoja wao alikubali kukaa siku kadhaa bila kujua kama ametibiwa. Mwaka 2015 madaktari wa London walitangaza matokeo ya wagonjwa 15 waliopasuliwa, ambao walikaa miezi 3 betri ikiwa imewashwa na miezi 3 ikiwa imezimwa. Waliomaliza vipindi vyote viwili ni 13. Kwenye kipimo cha alama 100, ambapo alama nyingi zaidi ni ugonjwa mbaya zaidi, walikuwa na wastani wa karibu 81 betri ikiwa imezimwa, na karibu 68 ikiwa imewashwa. Nafuu ipo, lakini si muujiza. Wawili walipata maambukizi mahali vifaa vilipowekwa, na mmoja alipatwa na msisimko wa akili uliopita kiasi. Wote watatu walitibiwa wakapona.

Halafu mwaka 2017 ikaja taarifa ya Ufaransa. Huko hawakuwabadilisha; wengine waliwashiwa na wengine hawakuwashiwa, kwa muda wa miezi 3. Waliohesabiwa walikuwa 16. Tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili haikuonekana.

Usikate tamaa hapo, wala usidhani mmoja wao alidanganya. Pengine miezi 3 haitoshi kupata kipimo sahihi cha betri. Pengine waya unatakiwa kuwa mahali tofauti kwa mgonjwa na mgonjwa. Mwaka 2018 zilichapishwa kumbukumbu zilizokusanywa kutoka nchi 10, za wagonjwa 185. Baada ya mwaka mmoja wastani wao kwenye kipimo kilekile ulikuwa umeshuka kutoka 75 hadi 41. Ni nafuu kubwa hiyo. Lakini katika kumbukumbu hizo kila mtu alijua amewashiwa, na zaidi ya theluthi moja walipata madhara ya aina moja au nyingine: ulimi mzito, ganzi, maambukizi, na wachache sana walivuja damu ndani ya kichwa. Kwa maoni yangu, zile namba ndogo za London, zilizopatikana kwa kuzima na kuwasha, zinanifundisha zaidi kuliko zile kubwa.

Labda utasema majaribio ya namna hii ni ya ng'ambo. La. Vuka mpaka wa Malaba uende Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE. Huko daktari Benjamin Warf, Mmarekani, aliona watoto wengi wenye kichwa maji. Matibabu ya kawaida ni kuweka mpira wa kutolea maji kutoka kichwani hadi tumboni, lakini mpira huziba, na mama anayeishi mbali na hospitali anaweza kumpoteza mtoto akiwa njiani. Warf alitumia njia nyingine: kufungua mlango mdogo ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuchoma sehemu inayoyatengeneza. Watu wangeweza kuishia hapo na kushangilia. Badala yake ilipigwa kura, kwa watoto 100 walio chini ya miezi 6. Kila mtoto alitibiwa, ila ni kura iliyoamua atapata njia ipi. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya watoto wa pande zote mbili hayakutofautiana kwa maana. Hilo lina uzito, kwa sababu sasa daktari anaweza kuchagua njia isiyoacha mpira mwilini bila hofu kwamba anamnyima mtoto akili. Walioliwezesha ni akina mama waliokubali kura juu ya watoto wao wachanga. Siwezi kuwasahau.

Na hapa Eastlands, je? Wanawake wa Pumwani Majengo wamekuwa katika utafiti wa virusi vya ukimwi tangu mwaka 1985, na dunia nzima imejifunza kutoka katika damu yao. Hivyo usione utafiti ni neno la kuogopwa. Ukiombwa wewe au mtoto wako muingie katika utafiti wowote, una haki ya kuuliza ni kamati gani ya maadili iliyouruhusu, nini kinaweza kuharibika, na nani atalipa kikiharibika. Kama ni kifaa cha betri, uliza nani ataibadilisha miaka ijayo. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho, na mtoto wako asinyimwe matibabu ya kawaida. Mtu anayekuambia ulipe pesa ili uingizwe katika jaribio, au anayetaka utie kidole kwenye karatasi usiyosomewa, muage kwa adabu uende zako.

Turudi kwa mtoto wako anayekonyeza macho. Upasuaji huu si wake. Mwanzoni, mwaka 2006, wataalamu walishauri usifanywe kwa mtu aliye chini ya miaka 25, kwa sababu tiki nyingi hupungua zenyewe kabla ya hapo. Mwaka 2015 waliulegeza umri huo, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 walitaka kamati ya maadili ihusishwe. Ni njia ya mwisho, baada ya dawa na mafunzo kushindwa.

Mafunzo hayo ndiyo ninayotamani uyajue. Mtoto hufundishwa kutambua ile hamu inayokuja kabla ya tiki, kama mwasho kabla ya kupiga chafya, kisha kufanya tendo linaloizuia. Anayerusha shingo, kwa mfano, hushusha kidevu taratibu na kukaza shingo kwa dakika moja mpaka hamu ipite. Mwaka 2010 njia hii ilijaribiwa Marekani kwa watoto 126, kwa wiki 10. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa zaidi ya nusu, ilhali katika kundi lililopewa ushauri wa kawaida hawakufika hata mtoto 1 kati ya 5. Hakuna waya wala betri. Kiboko nacho hakimo, maana wasiwasi huzidisha tiki.

Si kila mshtuko ni tiki. Mtoto akipoteza fahamu, akianguka au kujikojolea, huenda ni kifafa. Viungo vikianza kucheza vyenyewe wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya maumivu ya koo, inaweza kuwa ugonjwa unaoshambulia moyo pia, na hapo usingoje. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, uandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa watoto. Kama una simu yenye kamera, mrekodi nyumbani akiwa anacheza, bila kumwambia, maana mbele ya daktari tiki mara nyingi hujificha.